Kurudi Nyuma Katika Faili: Somo la Lugha ya C na Rekodi za Miamba ya Bulyanhulu

Katika mgodi wa Bulyanhulu, ulioko Wilaya ya Kahama mkoani Shinyanga na ulioanza uzalishaji mwaka 2001, kiasi cha dhahabu hakikadiriwi kwa macho. Mishipa yenye dhahabu, pamoja na shaba na fedha, imezama chini sana ardhini, na njia ya kuijua ni uchorongaji. Keekee yenye ncha ya almasi hukata nguzo nyembamba ya mwamba. Nguzo hiyo hupangwa katika masanduku kwa kufuata kina chake, kisha vipande vyake hupelekwa maabara. Jibu la maabara ni namba tupu: gramu za dhahabu katika tani moja ya mwamba.

Namba hizo si jambo dogo. Mwaka 2017, makontena 277 ya makinikia kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi yalipozuiwa bandarini Dar es Salaam, Serikali na mwenye migodi walitofautiana vikali juu ya kiasi cha dhahabu kilichokuwamo, na nchi nzima ikajifunza kubishana kwa gramu na tani. Nukta ya desimali ikihama nafasi moja, hesabu ya mali huzidi au hupungua mara kumi.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo hili. Ichukuliwe kwamba matokeo ya uchorongaji yamehifadhiwa katika faili moja, na kila rekodi ina baiti 32: baiti 12 za jina la shimo, kisha namba tano za baiti 4 kila moja, yaani kina cha kuanzia, kina cha kuishia, dhahabu, shaba na fedha. Maabara inaarifu kwamba rekodi ya 40, iliyoandikwa gramu 1.2, ilipaswa kuwa gramu 12.0. Kazi ya mtunga programu ni kubadili namba hiyo moja bila kugusa nyingine. Rekodi zikihesabiwa kuanzia sifuri, rekodi ya 40 huanza kwenye baiti ya 1280, kwa kuwa 40 × 32 = 1280.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea, na kosa lenyewe halionekani mara moja. Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, hulitazama faili lililofunguliwa kama mkondo wa baiti. Mkondo una kielekezi cha mahali, ambacho husogea mbele kila baiti inaposomwa au kuandikwa. Rekodi ya 40 ikishasomwa, kielekezi hakibaki pale ilipoanzia. Kimekwisha kufika kwenye baiti ya 1312. Anayedhani kwamba ataandika juu ya kile alichokisoma sasa hivi ataharibu rekodi ya 41, jirani asiye na hatia.

Lakini kuna tatizo lililojificha zaidi. Kusoma diski baiti chache chache ni kazi ya polepole. Kwa hiyo maktaba ya C huchota fungu kubwa kwa mara moja na kuliweka katika ghala dogo la muda ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, liitwalo bafa. Mfano wake ni karani wa ghala la miamba. Akitakiwa kuonyesha kipande kimoja, haendi ghalani kwa ajili ya kipande hicho peke yake. Hubeba sanduku zima hadi mezani. Kidole chake kiko kwenye kipande anachokisoma, lakini ghalani ameacha alama kwenye sanduku linalofuata. Alama mbili, mahali pawili.

Bafa ikiwa na baiti 4096, husheheni rekodi 128. Programu ikisoma kuanzia mwanzo hadi rekodi ya 40, mtunga programu huona kwamba yuko kwenye baiti ya 1312, na kazi ya ftell itamjibu hivyo hivyo. Mfumo-endeshi, kwa upande wake, umekwisha kutoa baiti 4096 na unangoja kwenye mwanzo wa rekodi ya 128. Akiandika mara tu baada ya kusoma, bila kuipanga upya nafasi, sanifu ya C haiahidi chochote. Katika maktaba moja rekodi itaangukia nafasi ya 41. Katika nyingine huenda ikaangukia nafasi ya 128, ambayo ni ya shimo jingine kabisa. Mjiolojia ataona pengo la umaskini mahali penye utajiri, na hakuna onyo litakaloandikwa kwenye kioo.

Kanuni ni hii: katika faili lililofunguliwa kwa kusoma na kuandika, kutoka kusoma kwenda kuandika lazima kupitie kazi ya kupanga nafasi, kama fseek, fsetpos au rewind, isipokuwa kusoma kumefikia mwisho wa faili. Kutoka kuandika kwenda kusoma lazima kupitie mojawapo ya hizo, au fflush. Programu ya kusahihisha huwa hivi:

while (fread(&k, sizeof k, 1, f) == 1) {
    if (ndiyo(&k)) {
        k.dhahabu = 12.0f;
        fseek(f, -(long) sizeof k, SEEK_CUR);
        fwrite(&k, sizeof k, 1, f);
        fseek(f, 0L, SEEK_CUR);
    }
}

Kazi ya ndiyo, ambayo mwanafunzi ataiandika mwenyewe, hulinganisha jina la shimo na kina. fseek ya kwanza hurudisha kielekezi baiti 32 nyuma. Ya pili huonekana kama haifanyi lolote, maana husogea hatua sifuri; wapo wanaoifuta kwa kudhani ni uchafu. Kumbe ndiyo inayoiambia maktaba: maandishi yaliyomo katika bafa yapelekwe, kisha kusoma kuendelee.

Neno long lililo mbele ya sizeof nalo lina sababu. Thamani ya sizeof haina alama ya hasi. Katika kompyuta ndogo za zamani za biti 16, kuigeuza 32 kuwa hasi bila tahadhari kulizaa 65504, na kielekezi kikaruka mbele badala ya kurudi nyuma.

Namna ya kufungua faili nayo ina mitego. Faili la mfano huu hufunguliwa kwa "r+b". Anayeandika "w+b" hufuta kila kitu kabla hajasoma rekodi moja, na "a+b" hupeleka kila andiko mwisho wa faili, hata kama fseek imetangulia. Herufi b haifai kuachwa: katika mfumo wa Windows, faili la maandishi hugeuza baiti mbili za mwisho wa mstari kuwa moja, na hesabu ya 40 × 32 haina maana tena.

Jibu la ftell ni namba ya aina ya long. Ikiwa na biti 32, haivuki 2,147,483,647, sawa na rekodi zipatazo milioni 67 za mfano huu. Sanifu ya mwaka 1989 iliongeza fgetpos na fsetpos, ambazo hukumbuka mahali bila kutegemea aina hiyo ya namba.

Ikumbukwe pia kwamba fwrite ikisema imeandika, mara nyingi imeandika katika bafa tu. Umeme ukikatika kabla ya fclose au fflush, gramu 12.0 hupotea na 1.2 hubaki diskini. Hata fflush hukabidhi baiti kwa mfumo-endeshi, ambao una ghala lake wenyewe; katika mifumo ya jamii ya Unix, fsync ndiyo huuamuru uzipeleke kwenye diski.

Zoezi. Tengeneza faili la rekodi 200, ujaze dhahabu ya kila rekodi kwa namba yake ya mfuatano. Sahihisha rekodi ya 40 kwa programu iliyo hapo juu, kisha soma faili lote na uchapishe kila rekodi iliyobadilika. Ondoa fseek ya kwanza, rudia, na utaje rekodi iliyoharibika. Rudisha ya kwanza, ondoa ya pili, rudia tena katika kompyuta mbili zenye vikusanyaji tofauti vya C, na ulinganishe matokeo.