Fidia ya Mkate: Pesa Halali au Mtego?



Huenda umewahi kuona ujumbe wa aina hii kwenye kundi la WhatsApp: "Kampuni za chakula zimeshindwa kesi! Kila mtu analipwa. Bonyeza hapa ujisajili." Je, ni kweli au ni utapeli?

Jibu si rahisi vile. Kuna nchi ambako wateja hulipwa kweli baada ya kampuni za chakula kula njama ya kupandisha bei. Na kwa vile jambo lenyewe lipo, tapeli hupata pa kujifichia. Leo tujifunze fidia halali inavyofanya kazi, ndipo ya uongo ikifika kwa simu yako uitambue mapema.

Njama ya bei ni nini?

Kwa kawaida wauzaji hushindana. Huyu akipandisha bei, unahamia kwa jirani yake. Lakini washindani wakikubaliana kisiri kupandisha pamoja, kuhama hakukusaidii. Duka la pili utakuta bei ni ile ile.

Mfano wa kweli: mkate wa Canada

Desemba 2017, kampuni za Loblaw na George Weston zilikiri hadharani kwamba zilishiriki njama ya bei ya mkate wa pakiti. Kwa kuwa zilikuwa zimejisalimisha kwa mamlaka ya ushindani na kushirikiana nayo, hazikushtakiwa kwa jinai. Ziliwapa wateja kadi za ununuzi za dola 25 za Canada. Juni 2023, kampuni nyingine, Canada Bread, ilikiri kosa mahakamani na kutozwa faini ya dola milioni 50. Kisha Julai 2024, Loblaw na George Weston zikakubali kumaliza kesi za wateja kwa dola milioni 500, zikihesabiwa ndani yake dola milioni 96 zilizokwisha kutolewa kwa kadi.

Shika tofauti hii: faini huenda kwa serikali, fidia huenda kwa mteja. Ukisikia kampuni imetozwa faini, usidhani una mgao wako pale.

Kwa nini kesi ya pamoja?

Tupige hesabu. Tuseme kila mkate uliongezwa senti 10, nawe hununua mikate miwili kwa wiki. Kwa wiki 52 umepoteza dola 10.40. Hakuna atakayeajiri wakili kwa pesa hiyo. Lakini ukijumlisha mamilioni ya wanunuzi, ni mzigo mkubwa. Ndiyo maana sheria ya Canada inaruhusu wachache kushtaki kwa niaba ya wote.

Pesa ikipatikana, hatua huwa hizi:

1. Mahakama hukagua makubaliano na kuyaidhinisha.
2. Ada za mawakili na gharama hutolewa kwenye mfuko.
3. Msimamizi aliyeidhinishwa na mahakama hupokea madai. Kwa kesi ya mkate, aliyehusika ni mtu aliyenunua mkate huko Canada kati ya 2001 na 2021, na hakuhitaji risiti.
4. Tarehe ya mwisho hutangazwa. Ya mkate iliwekwa 12 Desemba 2025.
5. Kinachobaki hugawanywa kwa waliotuma madai. Ndiyo sababu kila mmoja hupata kiasi kidogo, si utajiri.

Maswali manne kabla ya kubonyeza

*Je, nilinunua bidhaa hiyo, nchi hiyo, wakati huo?* Kama hujawahi kuishi Canada, fidia ya mkate wa Canada haikuhusu. Hakuna "bahati" hapa.

*Je, naombwa kulipa kwanza?* Msimamizi halali hatakuambia utume ada ya usajili, ya wakili wala ya "kufungua faili". Ukiambiwa "tuma 650 upokee 18,500", achana nao.

*Je, naulizwa PIN?* Kupokea pesa hakuhitaji PIN yako. Anayeiuliza anataka kutoa, hataki kuweka.

*Je, nasukumwa niharakishe?* Madai halali hupewa miezi. "Una dakika 30 tu" ni lugha ya tapeli.

Kama una ndugu ughaibuni aliyepata tangazo kama hilo, mwambie asifuate linki ya kutumiwa. Aandike mwenyewe anwani ya mamlaka au mahakama husika, asome tangazo hapo.

Na hapa kwetu?

Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza washindani kupanga bei, na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ina uwezo wa kuwatoza faini. Agosti 2023, kampuni tisa za chuma zilitozwa jumla ya shilingi milioni 338.8. Hiyo pia ilikuwa faini, si fidia ya kugawiwa wananchi. Kwa hivyo SMS inayosema "mamlaka inakulipa kwa sababu ya bei ya unga" ichukulie kuwa ya uongo. Lakini ukishuku wauzaji wamepanga bei, andika tarehe, duka na bei, weka risiti, kisha peleka malalamiko kwa mamlaka hiyo.

Umeshatuma pesa?

Usibishane na tapeli, na usitume nyingine ili "urudishiwe". Piga simu kwa huduma kwa wateja mara moja ukiwa na SMS ya muamala. Kila dakika ina maana kwani pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha. Badilisha PIN, kisha ripoti kwa kituo cha polisi.

Haki yako ya fidia hainunuliwi. Ukiona inauzwa, jua si haki, ni mtego. Mtumie mzazi au jirani somo hili kabla ile SMS haijamfikia.