Alama Mbili Tuzisome Pamoja: Somo kwa Viongozi wa Kamati na Familia Zilizohama



Somo la leo linahusu jambo ambalo wengi wenu mmeliona: watu wanakuja na makaratasi, wanauliza maswali, wanaandika alama kutoka 1 hadi 5, kisha wanakwenda. Alama zile zinaweza kusaidia amani au kuleta ugomvi, kufuatana na namna zinavyosomwa. Sisi wenyewe tulizisoma vibaya. Tunaanza na kosa letu ili lisiwe kosa lenu.

1. Kosa letu

Katika kambi moja tulifanya uchunguzi kati ya timu za kazi: walinzi wa bomba za maji, wahamasishaji wa usafi, wagawaji wa vyakula. Kila kiongozi wa timu alijipa alama juu ya neno hili: «Ninawasikiliza wafanyakazi wangu.» Wafanyakazi wake nao walimpa alama: «Kiongozi wetu anatusikiliza.» 1 maana yake hapana kabisa, 5 maana yake ndiyo kabisa. Baadaye tuliondoa alama ya timu katika alama ya kiongozi, tukaandika tofauti tu. Mahali tulipopata sifuri tuliandika: «Hakuna shida.»

Timu moja ya maji ilikuwa na 2 kwa 2. Tofauti ni sifuri. Lakini 2 kwa 2 maana yake kiongozi anajua kwamba hasikilizi, na watu wake wanajua vilevile. Wote walikubaliana kwamba mambo ni mabaya, na sisi tukaandika kwamba ni mazuri. Haukupita mwezi, walinzi wakaacha kazi. Mama zetu wakakesha kwenye foleni ya maji, na wenyeji na waliofika wapya wakaanza kushutumiana. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Safari hii sisi ndio tulioyaficha, kwa hesabu yetu.

Kosa la pili lilimwumiza mtu. Kiongozi mmoja alijipa 5, timu yake ikampa 2. Mama mmoja alijipa 2, timu yake ikampa 5. Tuliandika «tofauti 3» kwa wote wawili, bila kuonyesha ni nani aliyezidi, tukawaita pamoja katika mafunzo ya «viongozi wenye matatizo». Yule mama, ambaye watu wake walimpenda sana, alitaka kuacha kazi kwa aibu. Tulikwenda kwake kumwomba msamaha.

2. Wataalamu wanasema nini

Jambo hili linajulikana tangu zamani. Mwaka 1958 mtaalamu wa Marekani Lee Cronbach alikwisha kuonya juu ya hatari za kupima watu kwa tofauti ya alama mbili. Mwaka 1993 Jeffrey Edwards na Mark Parry walionyesha njia nyingine: tuziache alama mbili zikae kila moja mahali pake, halafu tuangalie jinsi zinavyofuatana na jambo la tatu. Hapo hesabu haitoi namba moja tu. Inatoa umbo, kama mlima wenye mgongo na mabonde. Sisi tunauita «uso wa majibu».

Umbo hilo walilitumia kwanza watu wa viwanda. Mwaka 1951 George Box na K. B. Wilson, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya madawa ya viwandani huko Uingereza, walitafuta namna ya kuchanganya mambo kadhaa kwa pamoja ili kiwanda kitoe mazao bora. Walikuwa kama mtu anayepanda mlima katika ukungu: anapima mwinuko pale aliposimama, halafu anajua aelekee wapi.

3. Tuchore mlima wetu chini

Kwa kuelewa jambo hili si lazima kompyuta. Tafuteni mahali tambarare, fimbo na mawe madogo.

Kwanza, ongezeni swali la tatu kwa wafanyakazi: «Ningependa kuendelea na kazi hii pamoja na kiongozi huyu.» Hili ndilo tunalotaka kuelewa.

Pili, choreni uwanja wa vyumba 25, yaani vitano kwa vitano. Kutoka magharibi kwenda mashariki ni alama ya kiongozi, 1 hadi 5. Kutoka kusini kwenda kaskazini ni alama ya timu, 1 hadi 5. Mkipata wastani wa timu kama 3,8, uhesabuni kuwa 4.

Tatu, kila timu iwekewe rundo la mawe katika chumba chake. Urefu wa rundo ni wastani wa swali la tatu: timu inayotaka sana kuendelea ipate mawe matano, iliyochoka ipate moja. Timu mbili zikiangukia chumba kimoja, wekeni wastani wao.

Sasa simameni mtazame. Kuna njia mbili za kutembea juu ya uwanja huu.

Njia ya makubaliano inatoka kona ya 1 kwa 1 hadi kona ya 5 kwa 5. Hapa kiongozi na timu wanasema jambo moja. Je, mawe yanapanda? Yakipanda, mmeona kwamba kukubaliana peke yake hakutoshi: kukubaliana juu ya mema na kukubaliana juu ya mabaya hakuendi pamoja na moyo uleule wa kazi.

Njia ya kutofautiana inakata ile ya kwanza. Inatoka kona ambapo kiongozi amejipa 1 na timu imempa 5, hadi kona ambapo kiongozi amejipa 5 na timu imempa 1. Je, mawe yanashuka pande zote mbili, kama mgongo wa mlima? Basi kila namna ya kutoelewana inakwenda pamoja na uchovu. Je, yanashuka upande mmoja tu, ule wa kiongozi anayejisifu? Basi mwelekeo wa tofauti ndio wenye uzito. Mwaka 1992 watafiti Leanne Atwater na Francis Yammarino walitenganisha watu hawa: wanaojipa alama nyingi kuliko wenzao, wanaojipa chache, na wanaolingana nao. Tusiwachanganye tena kama sisi tulivyofanya.

4. Kwa wenzetu wenye kompyuta

Ondoeni 3 katika kila alama ya kiongozi na ya timu, ili katikati ya uwanja iwe sifuri. Halafu programu ya takwimu iwatafutie namba tano: ya alama ya kiongozi, ya alama ya timu, ya alama ya kiongozi ikizidishwa kwa yenyewe, ya alama hizo mbili zikizidishwa pamoja, na ya alama ya timu ikizidishwa kwa yenyewe.

Namba ya kwanza ukijumlisha na ya pili, unapata mwinuko wa njia ya makubaliano pale katikati. Ya kwanza ukiondoa ya pili, unapata mwinuko wa njia ya kutofautiana. Jibu likiwa chini ya sifuri, mahali pale panateremka kuelekea kwa kiongozi anayejipa nyingi. Namba tatu za mwisho zikijumlishwa zinaonyesha kama njia ya makubaliano imepinda. Kwa njia ya kutofautiana, jumlisha ya tatu na ya tano, kisha ondoa ya nne. Jibu likiwa chini ya sifuri, njia imepinda kama mgongo wa mlima.

5. Mambo ya kuangalia

Mlima haujengwi na timu moja. Hesabu ya kompyuta inataka timu makumi kadhaa. Mkiwa na timu chache, mawe yatawasaidia kuzungumza, lakini yasitumiwe kama ushahidi wa kumfukuza mtu.

Hesabuni kwanza ni timu ngapi zinatofautiana kweli na viongozi wao. Ikiwa karibu zote zinalingana, hakuna njia ya pili ya kusoma.

Umbo halisemi nini kilitangulia. Labda kutosikilizwa kulileta uchovu. Labda uchovu wa njaa na mishahara kuchelewa ndio uliofanya watu watoe alama ndogo. Ulizeni.

Zaidi ya yote, lindeni waliojibu. Katika timu ya watu watatu ni rahisi kujua nani alisema nini, na kambini neno moja linaweza kumfanya mtu afutwe kwenye orodha ya msaada au apate maadui. Msichore uwanja mbele ya watu kwa majina ya timu. Makaratasi yasiwe na majina, na asiyejua kusoma asisaidiwe na kiongozi wake mwenyewe.

6. Maswali ya kuzungumzia

a) Katika kamati yenu, kuna jambo ambalo wote mnakubaliana kwamba ni baya, na kwa sababu mnakubaliana hakuna anayelitaja?

b) Kama ungejipa alama leo juu ya kusikiliza, ungejipa ngapi? Watu wako wangekupa ngapi? Utajuaje?

c) Mtu akija na uchunguzi, mtamwuliza nini kuhusu namna atakavyozisoma alama zenu?

Tangu siku ile, katika ripoti zetu tunaandika alama zote mbili, moja kando ya nyingine, na hatuandiki «hakuna shida» kabla ya kurudi kukaa na timu. Nanyi mkiombwa alama, ombeni kurudishiwa majibu. Alama ni neno la mtu, na mwenye neno ana haki ya kujua limefika wapi.

Tunawatakia amani na kurudi salama makwenu.