Mtoto Anayechelewa Kusoma Hajalaaniwa

Andiko la msingi: Kutoka 4:10–16
Soma pia: Yohana 9:1–3, Nehemia 8:8, Warumi 16:22

Muhula ukiisha, ripoti za shule hufika nyumbani, na kuna nyumba ambazo kilio huanzia hapo. Mtoto yuko Gredi ya 5, ana afya, anacheza mpira vizuri, ukimtuma dukani chenji haimpotei. Lakini mpe kitabu cha Gredi ya 2 asome, anatoa jasho. Mwalimu ameandika aongeze bidii. Baba anasema ni mvivu. Shangazi anasema ni kichwa maji. Na mshirika mmoja, kwa nia nzuri kabisa, anasema kuna kitu kinafuata hiyo familia.

Somo la wiki hii lina neno moja tu: huyo mtoto hajalaaniwa, wala si mjinga. Huenda ubongo wake unajifunza kusoma kwa njia nyingine, na Mungu anataka tumsaidie, si kumwaibisha.

1. TUJUE TUNAZUNGUMZIA NINI

Kuna hali inayoitwa disleksia. Mtu mwenye disleksia anapata shida kuunganisha herufi na sauti zake, kwa hivyo kusoma na kuandika kunamchosha sana. Si ugonjwa wa macho. Haitokani na kukosa akili, wala malezi mabaya. Mara nyingi hutembea katika familia. Ukiuliza vizuri utasikia kuna mjomba au babu ambaye pia vitabu vilimshinda, ingawa kwa mikono yake alijenga nyumba za kijiji kizima.

Jambo hili si geni. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari la Uingereza kuhusu kijana wa miaka 14 aliyekuwa mwerevu, mwepesi katika michezo, lakini hawezi kusoma. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, huyo kijana angekuwa wa kwanza shuleni. Zaidi ya miaka 100 imepita, na sisi bado tunamwita mtoto kama huyo zuzu.

Ziko pia hali nyingine. Diskalkulia humsumbua mtoto kwa upande wa nambari. Disgrafia humsumbua katika kuandika. Na kuna watoto ambao umakini wao hautulii: anaanza kazi tatu, hamalizi hata moja, na kila siku anapoteza penseli. Mtoto mmoja anaweza kuwa na zaidi ya hali moja.

Mzazi, angalia dalili hizi kama mtoto amefundishwa vizuri kwa miaka miwili au zaidi na bado anahangaika:

• Anasoma neno mstari wa kwanza, akilikuta mstari wa tatu ni kama hajawahi kuliona.
• Anaangalia herufi ya kwanza halafu anakisia neno lote.
• Anaandika neno moja kwa namna tatu tofauti katika ukurasa mmoja.
• Kusimulia hadithi kwa mdomo anasimulia mpaka mnacheka, lakini akiambiwa aandike anatoa mistari miwili.
• Kupanga siku za wiki au miezi kwa mfuatano kunamchanganya.

Kuchanganya b na d peke yake kusikutishe. Watoto wengi wadogo hufanya hivyo, kisha huacha.

Lugha nayo inatuchanganya. Kiswahili ni chepesi kusoma kwa sababu a ni a kila mahali. Kiingereza si hivyo: chukua "though" na "cough", mwisho wa maneno hayo herufi ni zilezile lakini sauti ni tofauti kabisa. Kwa hivyo mtoto mwenye disleksia anaweza kusoma Kiswahili bila makosa mengi, ila polepole, silabi kwa silabi, halafu kwa Kiingereza anaanguka. Mzazi anasema, "Si unaona anaweza? Ni kiburi tu." Hapana. Ni mzigo uleule, ila barabara moja ni tambarare na nyingine ni mlima.

2. MUNGU HUPANGA MSAADA

Turudi kwa Musa. Mungu anamwita, naye anajitetea kwamba ulimi wake ni mzito, hawezi kuongea vizuri. Mungu anamkumbusha ni nani aliyeumba kinywa. Musa anapozidi kukataa, Mungu anakasirika. Lakini angalia vizuri alikasirikia nini. Musa alikataa kutumwa; uzito wa ulimi haukuwa kosa. Na hata katika hasira hiyo, Mungu alimpa Haruni awe msemaji wake, na kazi ya Musa ikabaki ni ya Musa.

Hatusomi kwamba ulimi wake uliponywa pale kichakani. Tunasoma kwamba alipewa mtu wa kumsaidia, akaenda hivyo hivyo mbele ya Farao.

Paulo naye, mwanafunzi wa Gamalieli, barua yake kwa Warumi iliandikwa kwa mkono wa Tertio. Hakuna anayesema ile barua si ya Paulo kwa sababu kalamu ilishikwa na mwingine. Basi mtoto wako akisomewa swali la sayansi kwa sauti na akajibu sawa, hilo jibu ni lake.

Kabla ya kuitwa kwa huduma nilisomea biashara. Jambo moja tulilofundishwa ni kwamba ukitumia kipimo kisichofaa utauza hasara ukidhani ni faida. Mtihani wa sayansi ulioandikwa kwa karatasi hupima mambo mawili kwa pamoja: sayansi na kusoma. Mtoto akifeli, hujui ni lipi lililomwangusha. Ripoti haisemi. Ni wewe mzazi na mwalimu mtakaochunguza.

3. KUHUSU LAANA NA MAPEPO

Hapa naomba tusikizane. Mimi naamini katika ukombozi, na kanisa hili linaamini. Lakini si kila shida ni pepo.

Mama mmoja alinijia baada ya ibada ya pili akiwa na kijana wake. Alikuwa amembadilisha shule mara tatu, na katika shule ya mwisho alikuwa akichapwa kila Ijumaa kwa sababu ya imla. Alikuwa amempeleka kwa makesha matatu, sehemu tofauti, na kila mahali wakakemea roho ya upumbavu. Nikamuuliza kijana, "Wewe unafikiri ni nini?" Akaangalia chini, akasema, "Pasta, nafikiri Mungu amechoka na mimi."

Wapendwa, hiyo ndiyo gharama. Tunapomwekea mtoto mikono mbele ya watu tukikemea ujinga, halafu anarudi kwa kiti na bado hawezi kusoma, anajifunza mambo mawili: kwamba ana pepo, na kwamba Mungu hamsikii. Atakua na hayo mawili moyoni, na akifika miaka 16 hatamwona mtu kanisani.

Katika Yohana 9 wanafunzi walimuuliza Yesu kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi? Yesu akakataa yote mawili, na akawaelekeza kwa kazi ya Mungu iliyokuwa ikingoja kuonekana. Kisha akamhudumia.

Kwa hivyo tuombe, tena kwa bidii. Tuombe hekima, tuombe mwalimu mwenye subira, tuombe mtoto asivunjike moyo. Halafu tuamke magotini tutafute msaada. Yule mama tulimwelekeza akafanyiwe tathmini. Kijana bado anasoma polepole, sitawadanganya. Lakini sasa anajua jina la kitu kinachomsumbua, na jina hilo si upumbavu.

4. TUFANYE NINI?

Nyumbani:

• Kwanza apimwe macho na masikio. Wakati mwingine shida iko hapo, na ni rahisi kutatua.
• Dakika 15 kila siku ni bora kuliko saa tatu za Jumamosi zenye machozi. Anza na sauti, kisha silabi, kisha neno. Aandike herufi kwa kidole juu ya unga au mchanga huku akitamka sauti yake. Rudieni bila haraka.
• Msomee kwa sauti. Mwekee Biblia ya kusikiliza kwa simu. Warumi 10:17 inatukumbusha kwamba imani huja kwa njia ya kusikia.
• Usimlinganishe na dada yake. Tafuta anachoweza, iwe ni kuchora, kurekebisha redio au kuuza, na ukisifu mbele ya wageni.

Shuleni:

• Mwone mwalimu wa darasa kwa upole. Mwombe asimshtukize mtoto kusoma mbele ya wenzake, ampunguzie kunakili ubaoni na amkubalie kujibu kwa mdomo.
• Uliza kuhusu tathmini. Serikali ina vituo vya tathmini ya elimu, vinavyojulikana kama EARC, katika kaunti mbalimbali. Ofisi ya elimu iliyo karibu nawe itakuelekeza. Taasisi ya KISE pale Kasarani, Nairobi, pia hufanya tathmini. Uliza mapema, kwa sababu mipango ya mtihani wa kitaifa kwa mtoto mwenye mahitaji maalum huombwa kupitia shule, na huhitaji ripoti. Usingoje mwaka wa mtihani.
• Jua haki yake. Katiba yetu, kifungu cha 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumchapa mwanafunzi au kumtesa kiakili. Kiboko hakifundishi ubongo kusikia sauti za herufi.

Na mfuko wako pia: disleksia haina dawa ya kumeza. Mtu akikuuzia vidonge, miwani ya ajabu au mafuta akikuahidi mtoto atasoma kwa wiki mbili, funga mkoba. Hali hii hukaa na mtu maishani, lakini akifundishwa kwa njia inayofaa anasoma, anafanya kazi, anajitegemea. Na msaada wa nyumbani hauhitaji kungoja cheti. Unaweza kuanza leo jioni.

Kanisani:

Katika Nehemia 8:8 Walawi walisoma sheria kwa ufasaha, wakaeleza maana yake mpaka watu wakaelewa. Watu hawakupimwa nani anajua kusoma, walisaidiwa waelewe. Nimezungumza na walimu wetu wa Sande skuli na tumekubaliana: hakuna mtoto atakayeitwa ghafla kusoma mbele ya darasa. Anayetaka kusoma atapewa andiko lake mapema. Mstari wa kukariri utafundishwa kwa kuimba, kupiga makofi na kurudia. Na katika shindano la maswali ya Biblia, maswali yatasomwa kwa sauti na kujibiwa kwa mdomo.

Hata katika vikundi vya nyumbani, viongozi, msizungushe Biblia kila mtu asome mstari kwa zamu. Kuna watu wazima kati yetu ambao siku hiyo hukaa nyumbani wakisema wana homa. Uliza tu nani angependa kusoma.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Ni jina gani ulipewa ukiwa shuleni ambalo bado linakuuma? Ni jina gani wewe umempa mtoto?
2. Haruni wa mtoto wako anaweza kuwa nani: ndugu, jirani, mwalimu, mwana kikundi?
3. Kikundi chetu kinaweza kufanya nini wiki hii kwa mzazi mmoja anayehangaika? Kumpa nauli ya kwenda kwa tathmini? Kumsomea mtoto saa moja kila Jumamosi?

TUOMBE

Baba, asante kwa watoto uliotupa, wanaosoma haraka na wanaosoma polepole. Ponya mioyo ya wale tuliowaita majina. Wape wazazi subira jioni wakati wa kazi ya shule, wape walimu macho ya kuona, na utufanye sisi kanisa tuwe akina Haruni kwa watoto wako. Katika jina la Yesu, amina.

Mzazi ambaye angependa kuzungumza, niko ofisini Jumatano alasiri. Njoo na mtoto, na daftari lake mkiweza.