Moto Ukizuka na Zimamoto Wako Mbali: Mwongozo kwa Wakazi wa Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Usiku wa Septemba 5, 2024, moto ulishika bweni la wavulana katika shule ya Hillside Endarasha Academy, eneo la Kieni, kaunti ya Nyeri. Ndani mlikuwa mmelala watoto zaidi ya 150. Ishirini na mmoja walifariki. Endarasha ni mashambani, mbali na mji, na wengi wetu katika kaunti hizi za mlima tunaishi vivyo hivyo: Mukurwe-ini, Othaya, Kieni, au mtaa wa nje ya Karatina ambao barabara yake mvua ikinyesha haipitiki. Chumba chenye godoro, mapazia na makochi ya sponji kinaweza kuwaka chote kabla dakika tano hazijaisha. Gari la zimamoto halitakuwa limefika. Kwa hiyo dakika hizo za mwanzo ni zako na majirani zako, na inafaa ujue mapema utazitumia vipi.

Kwanza, simu. Namba za dharura nchini Kenya ni 999 na 112. Zote ni za bure, huhitaji salio. Wanaopokea ni polisi, nao huwaarifu wahusika. Lakini tangu Katiba ya 2010, kuzima moto ni kazi ya serikali ya kaunti, na kila kaunti ina kikosi chake na namba yake ya moja kwa moja. Itafute namba hiyo leo kwenye ofisi ya wadi, kwa chifu au kwenye kituo chenyewe. Ukiwa mpakani, chukua na ya kaunti jirani. Mtu wa Naro Moru ni mkazi wa Nyeri, lakini Nanyuki, iliyo Laikipia, iko karibu naye kuliko mji wa Nyeri. Moto haujui mpaka wa kaunti, na hakuna ubaya kupiga simu pande zote mbili. Ambulensi ya Msalaba Mwekundu huitwa kwa 1199, nayo ni bure kupiga. Waya wa stima ukianguka au transfoma ikitoa cheche, piga Kenya Power kwa 97771, na usikaribie.

Utasema nini simu ikipokelewa? Anza na mahali, kwa sababu simu inaweza kukatika. Huku kwetu nyumba chache zina namba, kwa hiyo taja kitu ambacho dereva anaweza kukiona: kiwanda cha kahawa, kituo cha kuuzia majani chai, kanisa, shule, stendi ya matatu. Kisha eleza kinachoungua (nyumba ya mbao, ghala, gari), kama kuna watu ndani, na kama kuna gesi au petroli. Acha namba yako na usiizime simu. Halafu tuma bodaboda asimame pale njia ya vumbi inapoachana na lami, awaongoze wazima moto hadi nyumbani. Magari mengi hupoteza muda hapo penye kona, yakiuliza njia gizani.

Usisite kupiga simu kwa kuwaza gharama. Zimamoto ni huduma ya umma, inaendeshwa kwa bajeti ya kaunti. Ambulensi za kibinafsi hulipisha, kwa hiyo uliza bei kabla haijaondoka. Hospitalini, Katiba katika kifungu cha 43 inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mgonjwa wako akifikishwa hospitali ya rufaa ya Nyeri, Outspan, Tumutumu au kwingineko, ana haki ya kuhudumiwa kwanza, mambo ya pesa yafuate. Hata hivyo, jisajili na bima ya afya ya SHA mapema kwa kupiga *147#, maana matibabu ya kuungua huwa ya wiki nyingi.

Unapongoja, watu kwanza. Piga kelele, gonga milango ya majirani, toa watoto na wazee. Moshi huua kabla ya miali, nao hupanda juu, kwa hiyo inama au tambaa, hewa safi iko karibu na sakafu. Ukitoka, funga mlango nyuma yako bila kuutia kufuli, kwani mlango uliofungwa huunyima moto hewa. Ukishatoka usirudi, hata kama cheti cha shamba kimebaki ndani.

Hapa naomba usome polepole. Nyumba zetu nyingi zina vyuma madirishani na kufuli kubwa mlangoni usiku, kwa kuogopa wezi. Ufunguo huwekwa chini ya mto wa baba, au ndani ya mkoba uliotundikwa chumba kingine. Moto ukianzia sebuleni, watu hufa wakiutafuta. Piga msumari ukutani karibu na mlango, mahali ambapo mkono wa mtu aliye nje hauwezi kufika kupitia dirishani lakini mtoto wa miaka saba anafika. Tundika ufunguo hapo kila usiku, usiwekwe kwingine. Kisha mwambie mtoto aufungue mlango huo taa zikiwa zimezimwa. Ukiona anahangaika, badilisha kufuli. Na kama unajenga, acha dirisha moja la chumba cha kulala liwe na chuma kinachofunguka kwa ndani.

Moto wa jikoni mara nyingi huanza na mafuta ya kukaangia. Sufuria ikishika moto, usimwage maji kamwe. Maji yatazama chini ya mafuta, yachemke mara moja na kurusha moto hadi darini. Zima gesi, funika sufuria kwa kifuniko au kitambaa kizito kilicholoweshwa na kukamuliwa, uiache hivyo hadi ipoe. Ukiweza, nunua mtungi wa kuzimia moto. Ule wa unga mkavu hufaa kwa mbao, nguo, petroli na hata stima. Bei hutofautiana kwa ukubwa na duka, lakini tenga elfu kadhaa za shilingi kwa wa kilo 6; wapangaji wa ploti moja wanaweza kuchanga na kuutundika penye ngazi. Kuutumia si kazi ngumu: vuta pini, elekeza mdomo wake kwenye kitako cha moto, bana mpini, upeperushe kushoto na kulia. Unga huisha kwa sekunde chache tu, kwa hiyo simama mlango ukiwa nyuma yako. Kila mwezi tazama mshale kama bado uko kwenye kijani.

Gesi ya kupikia imewafikia watu wengi, na ni vizuri, lakini ina tabia zake. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutulia sakafuni na kutambaa hadi ikutane na moto, pengine jiko la jirani. Imetiwa harufu kali makusudi ili uigundue. Ukiisikia, usiwashe wala kuzima taa, usiwashe kiberiti. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toka nje. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni pale regulata inapoungana na mtungi na kwenye ncha zote mbili za mpira. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inatoka. Mpira uliopasuka au kuwa mgumu ubadilishwe. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na hasara. Nunua gesi kwa muuzaji mwenye leseni, mtungi ukiwa na lakiri yake, na umwombe aupime mbele yako.

Sasa nifike kwenye hatari ambayo huku mlimani naiogopa kuliko zote kwa sababu haitoi mwali. Msimu wa gathano, kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya Nyeri, Nanyuki na Kieni hupenya mifupa, na watu huingiza jiko la makaa chumbani walale na joto. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, na aliyelala hasinzii kawaida tena, huzama tu. Wengi hudhani makaa yakishakuwa mekundu bila moshi yamekuwa salama. Sivyo. Wekundu huo ndio unaodanganya, kwa kuwa sumu inaendelea kutoka na hakuna kinachokukohoza. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Ota moto jioni mlango ukiwa wazi, kisha kabla ya kulala toa jiko nje kabisa, hata kama makaa yamebaki majivu. Ongeza blanketi, valisha watoto soksi na kofia, jaza chupa ya maji moto uitie kitandani. Ukiamka kichwa kinauma, unahisi kizunguzungu au kichefuchefu, na wenzako chumbani ni hivyo hivyo, tokeni nje mara moja. Ukimkuta mtu amezirai, fungua mlango, mburute hadi kwenye hewa safi na uite ambulensi. Anahitaji oksijeni ya hospitali hata akiamka na kusema amepona.

Stima nayo: usiunganishe ekstensheni juu ya ekstensheni, na soketi inayopata joto uache kuitumia hadi fundi mwenye leseni aitazame. Fyuzi ikikatika mara kwa mara inakuonya. Ukiweka waya mnene badala yake umeiondoa ile kinga.

Kwa mzazi mwenye mtoto wa bweni, siku ya kutembelea ni yako kukagua. Kaunti ya Nyeri inaujua uchungu wa moto wa shuleni tangu zamani. Mwezi Mei 1999, viranja wanne wa shule ya upili ya Nyeri High waliuawa kwa moto wa petroli wakiwa wamefungiwa vyumbani mwao. Miaka miwili baadaye, Machi 2001, wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos, katika bweni ambalo mlango mmoja ulikuwa na kufuli na madirisha yana vyuma. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unaeleza yote wazi: bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati, milango iwe na upana wa futi tano au zaidi, ifunguke kwa nje, isifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani, madirisha yasiwe na vyuma, nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, na njia ya kupitia isipungue mita 2.

Kwa hiyo nenda na futi ya fundi mfukoni. Pima. Muulize mwalimu nani anashika ufunguo saa nane usiku, na analala wapi. Uliza petroli ya mashine ya kukata nyasi huwekwa wapi. Kisha mvute mwanao pembeni umuulize mara ya mwisho walifanya zoezi la kutoka bwenini ilikuwa lini. Mwalimu anaweza kukuonyesha karatasi, lakini mtoto atakuambia kama aliwahi kukimbia. Usiporidhika, zungumza na mwalimu mkuu, na asipokusikia peleka malalamiko kwa maandishi katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, ubaki na nakala. Usiogope kuitwa msumbufu. Baada ya Endarasha, serikali ilikagua mabweni na kuagiza mamia ya shule za msingi zifunge sehemu za bweni. Kasoro hizo zilikuwa zikionekana kwa macho tangu mwanzo.

Mtu akiungua, tia sehemu iliyoungua chini ya maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete na saa kabla hajavimba. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala mafuta. Vinafungia joto ndani na kumpa daktari kazi ya kuvikwangua. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi umpeleke hospitali, hasa akiwa mtoto, au kama ameungua usoni, mikononi au sehemu za siri.

Lori la mafuta likianguka kwenye barabara ya Sagana kuelekea Marua au kwingine kokote, kimbia mbali, usichukue mtungi. Sachangwan, Januari 31, 2009, watu zaidi ya 100 walikufa walipokuwa wakichota petroli.

Mwenye duka, hoteli au karakana, sheria ya usalama kazini inakutaka ufanye zoezi la moto na ukaguzi angalau mara moja kwa mwaka, na kaunti hutoza ada ya ukaguzi wa zimamoto kulingana na ukubwa wa biashara. Ukiilipa, dai ukaguzi wenyewe, afisa aje aone mlango wa nyuma uliozibwa na magunia. Na sisi wa karibu na msitu, Januari hadi Machi tusichome mabua upepo ukivuma. Mlima Kenya uliungua sana 2012, na Aberdare 2022.

La mwisho ni kuhusu siku gari la zimamoto likifika limechelewa. Watu huwa na hasira, mawe huokotwa, na wakati mwingine gari hulazimika kurudi. Nakuomba ukiwa hapo uwe wa kuzuia. Ondoeni magari njiani, waonyesheni palipo na bomba la maji, tangi au mto, kwa sababu maji ya gari lenyewe humalizika kwa dakika chache, na msimamizi awe mmoja. Malalamiko ya kuchelewa yapelekeni kwa mwakilishi wa wadi kesho yake, na tena wakati wa vikao vya umma vya bajeti ya kaunti, ambako mwananchi yeyote ana haki ya kusimama na kuuliza ni lini wadi yake itapata kituo cha zimamoto.