Laptop ya Mtumba, Gemu ya 2002

Gemu ya Morrowind ilitoka mwaka 2002 na hadi leo bado kuna watu wanaoitengeneza. Si Bethesda walioiunda, bali ni wapenzi wa gemu wanaojitolea, walioanza mwaka 2008 kuiandikia injini mpya kabisa iitwayo OpenMW. Mimi nashiriki nikiwa hapa Machakos, na sijui hata mstari mmoja wa C++. Kazi yangu ni kuwinda kasoro.

Gemu yenyewe utainunua. OpenMW ni ya bure lakini ni injini tupu; inasoma faili za Morrowind, ambazo haigawi. Mimi hungoja bando la usiku ndipo nipakue.

Laptop ya mtumba isikutie haya. Mwenye mashine kali hatambui pale picha inapokwama. Wewe utapaona.

Ukikuta kasoro, zima modi zote (nyongeza zilizotengenezwa na wachezaji) kisha urudie. Ikitoweka, mpelekee aliyetengeneza modi. Ikibaki, tafuta njia fupi ya kuifikia, maana hakuna atakayecheza saa nzima ili aone ulichokiona. Fungua konsoli, kisanduku cha kuandikia amri, kwa kitufe kilicho chini ya Esc, andika coc "Balmora", na utatua mjini bila kumpanda yule mdudu mrefu anayebeba abiria kutoka Seyda Neen (matatu ya kule). Konsoli ikiwa wazi, bofya kitu chenye tatizo ili uone kitambulisho chake na kukinakili.

Kuna swali utakaloulizwa daima: je, injini ya zamani nayo ilifanya hivyo? Icheze sehemu ileile kwa Morrowind ya asili kabla hujaulizwa. Vituko vingine ni vya Bethesda tangu mwanzo, na kuviondoa huzua ubishi mrefu, ambao mimi naupenda kuliko baadhi ya misheni.

Sasa pekua ripoti zilizopo GitLab, mradi unakokusanya kasoro, usije ukarudia ya mwenzako. "Gemu inakwama" si ripoti. Taja toleo, kadi ya picha, hatua moja baada ya nyingine, ulichotarajia na ulichokiona. Ambatisha faili uliyohifadhi muda mfupi kabla ya tatizo, pamoja na openmw.log. Nakili log hiyo mara moja, kwa sababu ukifungua gemu tena inaandikwa upya.

Watengenezaji wakisema wamerekebisha, pakua toleo la majaribio, rudia hatua zilezile na uwajibu, hata kama jibu ni kwamba bado.