Ada ya mpwa aliyeko Tanzania

Swali: Ninaishi Minneapolis. Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita Morogoro, anataka udaktari. Nimsaidieje bila fedha kupotea njiani?

Jibu: Dada, kabla hujatuma hata senti, akutumie picha ya matokeo yake. Udaktari hudai ufaulu mzuri wa Fizikia, Kemia na Biolojia, kisha miaka 5 ya masomo na mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Je, mfuko wako utafika huko? Ukiwa na shaka, sema sasa. Kijana kukwama mwaka wa 3 kunaumiza mno. Aombe pia mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, na cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe mapema na RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Hapo ndipo wengi hukwama. Chuo kiwe kinatambuliwa na TCU, tume ya vyuo vikuu. Ada ya chuo cha serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo: uione ankara yenye jina la mpwa wako na kiasi, ndipo utume. Fedha za chakula na chumba mpe kila mwezi, si kwa mkupuo. Halafu muulize, mkiwa wawili tu kwenye simu, kama udaktari ni nia yake au ya wazazi. Akitaja kazi ya maabara badala yake, ipo stashahada ya miaka 3 chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi.