Nani Anaamua, Nani Anashauri: Maswali na Majibu Kuhusu Wahudumu wa Parokia

Haya ni marudio kwa wanaojiandaa na mtihani wa ukatekista, hasa wale watakaotumwa vigangoni kwenye barabara ya Ituri, kuanzia Bangboka na kuendelea. Vyeo vya parokiani karibu kila mtahiniwa anavijua. Kinachowaangusha ni kuchanganya watu watatu: anayeamua, anayeshauri na anayetekeleza. Kabla hujaandika jibu lolote, jiulize swali linamhusu yupi kati ya hao.

Swali la 1. Parokia ni nini?

Ni jumuiya ya waamini iliyoundwa na askofu kwa kudumu ndani ya jimbo lake, ikakabidhiwa paroko kuichunga chini ya mamlaka ya askofu huyo. Hiyo ndiyo kanuni ya 515 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983. Ukiandika kwamba parokia ni jengo la kanisa na nyumba ya mapadri, hupati kitu. Paa linaweza kung'olewa na upepo leo usiku na parokia ikawa palepale kesho. Kigango ni tawi la parokia: kina mahali pake pa kusali na katekista wake, lakini vitabu na hesabu zake huishia parokiani.

Swali la 2. Eleza kwa kifupi historia ya jimbo ambalo Bangboka imo ndani yake.

Bangboka iko mashariki ya jiji la Kisangani, kiasi cha kilometa 17, na wengi wanaijua kwa uwanja wa ndege tu. Kikanisa iko katika Jimbo Kuu la Kisangani. Mizizi yake ni misheni ya Mtakatifu Gabrieli, iliyoanzishwa mwaka 1897 na Padri Gabriel Grison wa Shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, yaani Wadehoniani. Mwaka 1904 eneo hilo, kwa jina la Stanley Falls, likawa prefektura ya kitume, mwaka 1908 likawa vikarieti na Grison akawa askofu wake. Jimbo kuu liliundwa mwaka 1959, likaitwa Stanleyville hadi 1966. Askofu mkuu tangu mwaka 2008 ni Marcel Utembi Tapa. Kabla yake alikuwapo Laurent Monsengwo Pasinya, aliyehamishiwa Kinshasa na baadaye akawa kardinali.

Tarehe zinatosha hapo. Maksi nyingi ziko kwenye maswali yanayofuata.

Swali la 3. Ni mambo gani paroko hawezi kumwachia mwingine ayajibie?

Paroko lazima awe padri, na anateuliwa na askofu. Yeye ndiye anayeiwakilisha parokia mbele ya sheria, kwa hiyo karatasi ya kiwanja cha parokia husainiwa naye, hata kama mzee wa kigango ndiye aliyezungumza na chifu. Anapaswa kuhakikisha vitabu vya parokia vinaandikwa na kutunzwa vizuri. Kila Dominika na sikukuu za amri anatoa Misa moja kwa nia ya watu wake wote, bila sadaka ya mtu binafsi. Jambo hili waamini wengi hawalijui, na watahini wanalipenda.

Anaweza kumtuma msaidizi abatize, azike au afungishe ndoa. Lakini kutuma mtu si kuacha wajibu.

Swali la 4. Kuna tofauti gani kati ya paroko msaidizi na "paroko wa pili"?

Paroko wa pili hayupo. Msaidizi ni padri aliyeteuliwa na askofu kufanya kazi pamoja na paroko na chini yake. Kama parokia ina wasaidizi wawili, mmoja wa jimbo na mmoja wa shirika la kitawa, huyo wa kwanza mtamwita Abe na huyo wa pili Mon Père, lakini kwa paroko wao wote ni wasaidizi. Umri haubadilishi jambo: Abe mzee wa miaka 60 anaweza kuwa msaidizi wa paroko wa miaka 35, na kigango kisimgeuze mzee huyo kuwa mahakama ya rufaa.

Swali la 5. Shemasi je?

Anabatiza, anahubiri, anabariki ndoa akiwa na idhini, anaongoza maziko. Haadhimishi Misa, haungamishi, hapaki mafuta ya wagonjwa. Shemasi mnayemwona parokiani mara nyingi ni kijana anayesubiri upadri, kwa hiyo msipange kazi za kigango kwa miaka mitano mkimtegemea.

Swali la 6. Ni Dominika, padri hatafika, mvua imekata barabara. Katekista aongoze ibada vipi?

Hili ndilo swali kubwa la karatasi nzima, jibu lake liwe refu.

Mwongozo wa Roma wa Juni 2, 1988 kuhusu ibada za Dominika pasipo padri unampa mlei nafasi ya kuongoza sala, kusoma Neno na, akiwa ameruhusiwa, kugawa Komunyo iliyowekwa wakfu kabla. Unampa pia mipaka. Katekista haketi kwenye kiti cha mwadhimishaji. Anakaa pembeni, kati ya waamini. Hawasalimu watu kwa "Bwana awe nanyi" wakamjibu kana kwamba ni padri. Altare haitumii, isipokuwa kuweka juu yake Ekaristi kabla ya kuigawa. Sala ya Ekaristi haisomi hata kipande, hata kama anaijua kwa moyo. Mwishoni hainui mkono kuwabariki watu: anajiandikia msalaba mwenyewe huku akimwomba Mungu awabariki wote, yeye akiwamo.

Mahubiri, kwa kanuni ya 767, ni ya padri au shemasi. Katekista anaweza kufafanua masomo akiwa ametumwa kufanya hivyo, au akasoma maneno aliyoandaliwa na paroko. Kwa maoni yangu hii njia ya pili inadharauliwa bure. Karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono wa paroko, zikisomwa taratibu na kwa sauti, zinawalisha watu kuliko saa nzima ya mtu anayetafuta la kusema.

Ongeza kwenye jibu lako kwamba kwa barua *Antiquum ministerium* ya Mei 10, 2021 Papa Fransisko aliweka rasmi huduma ya katekista, ambayo hutolewa na askofu katika adhimisho la liturujia. Lakini si kila anayefundisha mafundisho ya ubatizo amepewa huduma hiyo. Usijiandike cheo ambacho hujapewa.

Swali la 7. Mtoto mchanga anakufa kigangoni usiku. Nani ambatize?

Mtu yeyote mwenye nia ya kufanya lile Kanisa linalofanya: mama, mkunga, jirani. Maji yamwagwe kichwani huku maneno ya ubatizo yakitamkwa. Kisha paroko apewe habari ili tukio liandikwe. Kosa la kawaida ni kwenda kumwamsha katekista kilometa nane ilhali bibi wa mtoto yuko chumbani na kikombe cha maji kipo.

Swali la 8. Kijana aliyebatizwa Bangboka anataka kuoa katika parokia moja ya Mangobo. Nani afanye nini?

Fungua kitabu cha ubatizo. Mstari wake una namba, jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa, majina ya wazazi, msimamizi, aliyebatiza, tarehe ya ubatizo. Pembeni kuna nafasi nyeupe. Mtahiniwa asiyejua kazi ya nafasi ile ajue sasa: humo huandikwa kipaimara, ndoa, upadri au nadhiri za daima. Ndiyo maana cheti cha ubatizo kinachoombwa kwa ajili ya ndoa lazima kiwe kipya. Kile cha zamani, kilichokunjwa mara nne ndani ya Biblia ya mama, hakiwezi kusema kama mtu huyu alishafunga ndoa mahali pengine.

Kwa hiyo sekretari wa Bangboka ananakili mstari pamoja na maandishi ya pembeni, paroko anasaini na kupiga muhuri, kijana anakwenda nacho Mangobo. Baada ya ndoa, paroko wa Mangobo analeta taarifa Bangboka, nayo inaandikwa pale pembeni. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika, parokiani na kwenye mtihani.

Swali la 9. Na kama kitabu kimepotea?

Vita vya Siku Sita, Juni 5 hadi 10, 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya Kisangani, viliziharibu nyumba nyingi na karatasi zilizokuwamo. Kanuni ya 876 inajibu: kama hakuna anayeumizwa na jambo hilo, ushuhuda wa mtu mmoja wa kuaminika unatosha, au kiapo cha mwenyewe kama alibatizwa akiwa mtu mzima. Msimwambie mjane wa watu abatizwe upya.

Swali la 10. Masista wana nafasi gani parokiani?

Wako chini ya mkuu wa shirika lao kwa maisha ya kitawa, na chini ya askofu kwa kazi ya kichungaji. Paroko si mkuu wao. Mfano wa kutaja ni Mwenyeheri Anuarite Nengapeta wa Shirika la Jamaa Takatifu, aliyeuawa Isiro Desemba 1, 1964 wakati wa uasi wa Simba na kutangazwa mwenyeheri na Papa Yohane Paulo II mjini Kinshasa, Agosti 15, 1985. Siku chache kabla yake aliuawa Askofu Joseph Wittebols wa Wamba, Mdehoniani.

Swali la 11. Baraza la kichungaji limepiga kura, watu 18 kwa 2, kuuza mbao za parokia. Paroko anakataa. Nani ana haki?

Paroko. Kura ya baraza la kichungaji ni ya ushauri. Lakini jibu lisiishie hapo. Baraza la uchumi ni la lazima katika kila parokia, na waamini wanastahili kupewa hesabu ya walichotoa. Paroko anayekataa ushauri wa watu 18 bila kueleza sababu yuko ndani ya sheria, na bado anafanya vibaya. Andika yote mawili.

Swali la 12. Mlei anaweza kuongoza parokia?

Kanuni ya 517, sehemu ya pili, inakubali kwamba penye uhaba wa mapadri mlei ashiriki uchungaji wa parokia, huku padri mmoja akisimamia. Kongo ilitangulia: Kardinali Joseph Malula aliweka walei waitwao bakambi katika parokia za Kinshasa mwaka 1975, miaka minane kabla ya sheria hiyo kutoka. Watahiniwa wengi wanadhani jambo hili limetoka Ulaya.

Swali la 13. Sekretari, mpishi na zamu: wanajitolea au wanafanya kazi?

Anayeimba kwaya anajitolea. Zamu anayelala getini kila usiku, mpishi na sekretari wa kila siku ni wafanyakazi. Kanuni ya 231 inawapa walei wanaotumikia Kanisa kwa kudumu haki ya malipo ya heshima, pamoja na bima na matunzo ya afya. Sheria ya kazi ya nchi inawahusu vilevile. Katekista wa kigango anayepewa sabuni na shati wakati wa Pasaka yuko mahali gani kati ya hizo mbili? Swali hilo huulizwa, na jibu la "ni baraka" halipewi alama. Andika kwamba kama kazi yake ni ya kudumu kanuni inamhusu, na kwamba ni baraza la uchumi linalopaswa kupanga posho yake na kuiandika kwenye hesabu.

Kabla ya siku ya mtihani, chukua karatasi tupu, chora mstari wa kitabu cha ubatizo pamoja na nafasi ya pembeni, na uujaze wote bila kutazama popote.